Pombe ya Nafaka na Asali: Utamu Huenda Wapi?

Mtu atiaye asali katika mtungi wa pombe hutazamia kupata kinywaji kitamu. Baada ya siku chache huonja na kukuta kinywaji chepesi, kikali, kilicho kikavu ulimini, ilhali pombe ya nafaka tupu iliyopikwa siku ile ile na kuwekwa kando yake ingali na utamu wa mbali pamoja na uzito wa uji. Ajabu ni kwamba mtungi uliotiwa kitu kitamu kuliko vyote ndio uliopoteza utamu wake wote. Wapishi wa pombe wanalijua jambo hili tangu zamani, na wengi wao hutia asali kwa makusudi ili kinywaji kiwe chepesi. Hata hivyo, ukiwauliza sababu, majibu yao hayafanani. Sababu yenyewe imo katika kemia ifundishwayo katika shule za sekondari, na Milima ya Uluguru ni mahali pazuri pa kuitazama.

Vinywaji vya jamii hii viko vingi katika Afrika ya Mashariki. Wanzuki hutengenezwa kwa asali na maji. Kangara huchanganya pumba au unga wa mahindi na asali, na siku hizi mara nyingi sukari ya dukani hushika nafasi ya asali. Wachagga wa Kilimanjaro hupika mbege kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Watu wa Iringa hugema ulanzi kutoka katika mianzi michanga. Huko Ulaya kuna bia nyepesi ya ngano ambayo baadhi ya watu huipika nyumbani na kuitia asali. Uluguru si nchi ya ngano. Ngano ya Tanzania hulimwa hasa Hanang, Kilimanjaro Magharibi na katika nyanda za juu za kusini. Mpishi wa Matombo au Kinole ana mahindi, mtama na ndizi, na kazi yake ni ngumu kuliko ya yule mwenye ngano, kama itakavyoonekana.

Kimea na uji

Hamira, yaani vile viumbe vidogo vya chembe moja vinavyogeuza sukari kuwa alkoholi, haziwezi kula wanga. Punje ya nafaka ni ghala la wanga, na wanga ni minyororo mirefu ya sukari iliyofungamana. Kabla hamira hazijapata kitu, minyororo hiyo lazima ikatwe. Punje yenyewe hujua kuikata, kwa sababu mche unaochipua nao unahitaji sukari ili ukue. Kwa hiyo punje ikilowekwa kwa muda wa siku moja, kisha ikafunikwa mahali penye unyevu hadi ichipue, hutengeneza ndani yake vimeng'enya vya kukatia wanga. Mpishi huikatiza safari hiyo kwa kuianika juani na kuisaga. Unga upatikanao ndio kimea.

Vimeng'enya viwili ndivyo vyenye kazi kubwa hapa. Kimoja, alfa-amilasi, hukata mnyororo mahali popote na kuacha vipande vya urefu mbalimbali. Cha pili, beta-amilasi, hutafuna mnyororo kuanzia mwisho wake na kutoa sukari iitwayo maltosi, ambayo hamira huipenda. Kimea cha ngano na cha shayiri kina vyote viwili kwa wingi. Kimea cha mtama kina alfa-amilasi ya kutosha lakini beta-amilasi yake ni haba. Ndiyo maana pombe ya mtama hubakiwa na vipande vingi vya wanga ambavyo hamira haziwezi kuvila: hivyo ndivyo vinavyoipa uzito.

Tofauti nyingine ni ya joto. Wanga mbichi umejikunja katika chembe ngumu, na vimeng'enya haviupati vizuri mpaka chembe hizo zivimbe na kupasuka katika maji ya moto. Wanga wa ngano hufunguka katika joto la kati ya digrii 52 na 64 za Sentigredi, wakati vimeng'enya vingali hai. Hivyo mpishi wa ngano aweza kuchanganya kila kitu katika chungu kimoja chenye joto la digrii 65 hivi na kazi ikafanyika. Wanga wa mtama hudai joto la digrii 68 hadi 75. Katika joto hilo beta-amilasi huharibika upesi.

Mpishi wa kienyeji alilitatua tatizo hili pasipo kipimajoto. Kwanza hupika uji kwa unga wa kawaida mpaka uive kabisa. Wanga wote hufunguka. Kisha huuepua na kuuacha upoe hadi mtu aweze kutumbukiza kidole bila kuungua. Hapo ndipo atiapo kimea. Baada ya dakika chache uji mzito hulegea na kuwa majimaji, na ladha yake huanza kuwa tamu. Mwalimu wa kemia asiye na maabara anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa sufuria moja na kijiko kimoja cha kimea, na hakuna mwanafunzi atakayelisahau. Maarifa hayo hayo hutumika katika kupika togwa, kinywaji cha watoto na wakubwa, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini walihimiza kina mama kulainisha uji wa watoto kwa kimea ili mtoto apate chakula kingi zaidi katika kikombe kile kile.

Asali ni nini

Asali huwa na maji yapatayo asilimia 17 au 18, na karibu sehemu yote iliyobaki ni sukari: fruktosi asilimia 38 hivi, glukosi asilimia 31 hivi, na sukari nyingine kidogo. Hizo mbili za kwanza ni sukari sahili. Hazihitaji kukatwa na kimeng'enya chochote cha kimea. Nyuki amekwisha kuifanya kazi hiyo alipokuwa akiigeuza mbochi kuwa asali.

Jibu la swali la mwanzo limo humu. Sukari ya asali huliwa na hamira karibu yote, isibaki kitu cha kutia utamu wala uzito. Sukari itokanayo na nafaka huliwa sehemu tu, na vipande visivyolika hubaki. Kwa hiyo mpishi akipunguza nafaka na kutia asali badala yake, hupata nguvu ile ile ya alkoholi lakini mwili wa kinywaji hupungua. Kinachobaki cha asali ni harufu yake, nayo ni ya maua ya mahali nyuki walipolisha. Harufu hiyo huruka kwa urahisi, na ndiyo sababu asali haifai kuchemshwa pamoja na uji: hutiwa baada ya uji kupoa.

Swali hufuata: ikiwa hamira hupenda asali kiasi hicho, mbona asali haichachi ndani ya mzinga? Kwanza ni ukosefu wa maji. Sukari nyingi namna ile hufyonza maji kutoka ndani ya chembe ya hamira mpaka chembe hiyo ishindwe kufanya kazi. Pili, asali ina asidi, na ina kimeng'enya cha nyuki ambacho asali inapoongezewa maji hutengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile inayosafishia vidonda. Lakini ulinzi huu una mpaka wake. Maji yakizidi asilimia 20 hivi, hamira za mwituni zilizolala ndani ya asali huamka. Wafugaji nyuki wa mteremko wa mashariki wa Uluguru, unaopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu za juu, wana sababu ya kuwa waangalifu kuliko wenzao wa nyika kavu za Tabora. Asali hufyonza unyevu wa hewa. Ikirinwa kabla nyuki hawajayafunika masega kwa nta, au ikiwekwa katika chombo kisichofunikwa vizuri, hutoa povu na kuchacha yenyewe, na mwenyewe hupata hasara.

Kuna upungufu mwingine wa asali ambao watu wa kale waliujua kwa vitendo. Hamira haziishi kwa sukari peke yake. Zinahitaji naitrojeni ili zijenge protini za miili yao na kuzaana. Asali ina protini pungufu ya asilimia 1. Asali iliyochanganywa na maji matupu huchacha polepole, na mara nyingine husimama katikati ya safari. Mpishi wa wanzuki aliyekamua masega pamoja na chavua iliyomo, hata na majana ya nyuki, hakufanya hivyo kwa uchafu wala uvivu: chavua ina protini nyingi, na hiyo ndiyo mbolea ya hamira. Vivyo hivyo nafaka katika kangara huleta naitrojeni ambayo asali haina, nayo asali huleta sukari rahisi ambayo mtama huitoa kwa shida. Ngano ina sifa zaidi hapa, kwa kuwa protini zake nyingi hushikilia povu juu ya kinywaji na kukipa ukungu mweupe.

Hesabu ya mtungi mmoja

Chukua kilo 1 ya asali iliyotiwa maji hadi kufikia lita 10. Ndani yake mna gramu 800 hivi za sukari, yaani gramu 80 katika kila lita. Kanuni ya uchachukaji husema kwamba gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kaboni dioksaidi. Basi gramu 80 zitatoa gramu 41 hivi za alkoholi. Kwa kuwa mililita moja ya alkoholi ina uzito wa gramu 0.79, hizo ni mililita 52 katika lita moja: asilimia 5.2 kwa ujazo. Kwa kweli kipimo kitakuwa pungufu kidogo, maana Louis Pasteur alionyesha mwaka 1860 kwamba sehemu ipatayo asilimia 5 ya sukari huishia katika gliserini na vitu vingine.

Hewa itokayo nayo yastahili kuhesabiwa. Zile gramu 800 za sukari zitatoa gramu 391 za kaboni dioksaidi, ambazo katika joto la digrii 25 hujaza zaidi ya lita 200. Hayo ni mapipa mazima ya hewa kutoka katika mtungi wa lita 10! Mtu azibaye chupa ya kioo kabla uchachukaji haujakwisha ametega bomu jikoni mwake.

Hadi mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu walibishana kama uchachukaji wahitaji kiumbe hai. Mwaka 1897 Eduard Buchner wa Ujerumani alisaga hamira kwa mchanga, akakamua maji yake, na kuona kwamba maji hayo yasiyo na chembe hai hata moja yaliichachusha sukari. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Elimu ya vimeng'enya, ambayo leo imeenea katika tiba na kilimo, ilipata msingi wake katika tope la mtungi wa pombe.

Mjini na mlimani

Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hupoa kwa digrii 0.6 hivi kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo kijiji kilichoko mita 1,500 katika upande wa Mgeta huwa na baridi zaidi ya mji kwa digrii zipatazo 6. Kasi ya uchachukaji, kama kasi ya mabadiliko mengi ya kikemia, hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila digrii 10, maadamu joto halijawa kali la kuziua hamira. Ukipiga hesabu, utaona kwamba mtungi unaohitaji siku 2 mjini utahitaji siku 3 mlimani. Lakini subira hiyo ina faida: katika joto la chini hamira hutoa kiasi kidogo cha zile alkoholi nzito ambazo huharibu ladha.

Hamira hazifanyi kazi peke yake mtungini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoko Morogoro hapo chini ya mlima, walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wao juu ya togwa na kueleza kundi zima la viumbe walivyovikuta: bakteria wa asidi ya maziwa wa aina ya Lactobacillus na jamaa zake, pamoja na hamira za aina kadhaa, ikiwamo Saccharomyces cerevisiae, ambayo ndiyo hamira ya mikate. Bakteria hao hushusha pH chini ya 4. Uchachu huo ndio ngao ya vinywaji vya kienyeji, kwa sababu vijidudu vingi vya kuhara haviwezi kustahimili hali hiyo. Bia ya kiwandani hupata ulinzi wake kwa maua ya hopsi na kwa kuchemshwa. Pombe ya kienyeji haina hopsi, nayo hunywewa ingali ikichacha. Ikikaa siku kadhaa wazi, bakteria wengine hutumia oksijeni kuigeuza alkoholi kuwa asidi ya siki, na hapo hakuna wa kuinywa.

Sumu isiyoonekana

Uchachu na moto haviondoi kila hatari, na hapa ndipo makosa ya mpishi yanapogharimu maisha. Kosa kubwa ni ile imani kwamba nafaka iliyoota ukungu, isiyofaa kwa ugali, yafaa kwa pombe. Ukungu uitwao Aspergillus flavus hutoa sumukuvu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini. Aflatoksini haivunjwi na kuchemsha kwa kawaida, wala uchachukaji hauimalizi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yenye ukungu. Mwaka mmoja kabla, Januari 2015, watu 75 walikufa huko Chitima, katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uvumi wa mwanzo ulisema kwamba pombe ilitiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara uligundua kitu kingine kabisa: asidi ya bongkreki, sumu inayotolewa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli aliyekuwa ameota katika unga wa mahindi. Sumu hiyo nayo hustahimili moto. Haikuwapo nyongo, wala mkono wa mchawi.

Mtama una hila yake pia. Machipukizi yake machanga yana kitu kiitwacho dhurini, ambacho kikivunjika hutoa sianidi. Kimea cha mtama lazima kikaushwe vizuri na machipukizi na mizizi yake ipukuswe na kutupwa kabla ya kusagwa. Kimea cha ulezi hakina tatizo hilo, na wapishi wengi hukipendelea ingawa wao hueleza upendeleo wao kwa ladha tu. Madumu yaliyowahi kuwa na dawa za kuulia wadudu yasitumiwe kamwe, hata yakioshwa mara kumi.

Kuhusu methanoli, ile alkoholi inayopofusha macho na kuua, pombe ya nafaka na asali isiyokerekwa huwa nayo kidogo mno. Vifo vingi vya namna hiyo, kama vya mwaka 2000 mjini Nairobi vilivyozidi 100, hutokana na methanoli ya viwandani kutiwa katika vinywaji ili vionekane vikali. Gongo ni habari nyingine, kwa kuwa kukereka hukusanya pamoja vitu virukavyo kwa urahisi vilivyomo mtungini, vizuri na vibaya, na sheria huikataza kwa asiye na kibali.

Gharama nyingine haimo mtungini bali chini yake. Uji wa pombe hupikwa kwa saa nyingi na kwa kuni nyingi. Misitu ya Uluguru ndiyo inayoyashika maji ya mvua na kuyatoa polepole katika vijito vya Mto Ruvu, unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam, na katika Ngerengere unaojaza bwawa la Mindu kwa ajili ya mji wa Morogoro. Nyuki nao hutaka miti hiyo hiyo iwape maua. Mpishi akatae kuni mbichi, afunike chungu, na atumie jiko linalohifadhi joto. Lita 10 za asali iliyochanganywa na maji hazihitaji mchemko wa saa nyingi kama uji wa mtama.

Jaribio la darasani

Jaribio hili lahitaji chupa nne safi za plastiki, maputo manne, asali, kimea cha ulezi na hamira kidogo ya mikate. Kimiminika chake si cha kunywa. Chupa ya kwanza itiwe asali tupu na hamira. Ya pili itiwe sehemu moja ya asali kwa sehemu nane za maji yaliyochemshwa na kupozwa, na hamira kiasi kile kile, ambacho kisizidi ncha ya kisu. Ya tatu iwe sawa na ya pili, ila iongezwe kijiko kimoja cha kimea. Ya nne iwe sawa na ya tatu, lakini isitiwe hamira. Kila chupa ivikwe puto mdomoni, na kila asubuhi na jioni mzunguko wa puto upimwe kwa uzi na rula, kisha vipimo viandikwe katika grafu moja.

Puto la kwanza halitavimba ila kidogo sana. Baina ya la pili na la tatu, wanafunzi watazame siyo tu lipi lilianza mapema bali pia lipi lilidumu kuvimba, na wajiulize naitrojeni ilitoka wapi. Shule ya mjini Morogoro na shule ya Mgeta zikifanya jaribio hili katika wiki moja na kubadilishana grafu, zitaweza kuipima ile hesabu ya siku 2 kwa 3. Puto la nne ndilo la kungojewa kwa hamu. Likianza kuinuka siku ya pili au ya tatu, ingawa hakuna aliyetia hamira, darasa litakuwa na kazi ya kujadili kama viumbe hivyo vilitoka katika kimea, katika asali, au katika hewa ya chumba chenyewe, na kubuni chupa ya tano itakayotoa jibu.